Sola ya biashara kijijini huku Nyanda za Juu: anza na kazi yako, paneli baadae

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Mbeya. Mtu anaingia duka la vifaa vya umeme pale Mwanjelwa au Mafinga mjini anamwambia muuzaji "kaka nataka sola ya saluni", muuzaji bila hata kuuliza saluni iko wapi na ina mashine ngapi anajibu "chukua paneli ya mia mbili, betri mia, inveta elfu moja, umemaliza bosi wangu", hela inatoka, mzigo unapandishwa kwenye gari la kwenda kijijini, halafu ikifika mwezi wa pili mvua zimechanganya jamaa anaanza kusema sola ni utapeli. Sola sio utapeli, alinunua kabla ya kupiga hesabu basi. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano tu, tuipige hapa.

Kabla ya hesabu nikuambie msimamo wangu kabisa: kwenye biashara ndogo ya kijijini kinachokula faida ni betri. Paneli unanunua mara moja inakaa miaka 20 na zaidi, betri ya maji au ya jeli ukiitunza vizuri unapata miaka mitatu minne, ukiitesa haimalizi mwaka. Kwahiyo kila kazi unayoweza kuihamishia mchana jua likiwepo ihamishie, usiku bakisha taa na vitu vidogo vidogo. Na kama una hela ya kuongeza kitu kimoja tu ongeza paneli kwanza.

Hesabu yenyewe

Chukua karatasi, andika kila kitu kinachotumia umeme, wati zake (zimeandikwa nyuma ya kifaa au kwenye chaja) na masaa kinachofanya kazi KWELI, sio masaa duka liko wazi. Mashine ya kunyolea haizunguki kutwa, kuna muda kinyozi amekaa anabishana Simba na Yanga. Wati mara masaa ndio wati-saa.

Tuseme ni kinyozi anayechaji na simu, kitongojini ambako nguzo hazijafika:

Mashine mbili za waya za wati 12 kila moja, masaa 5 ya kunyoa, hiyo ni 120. TV ya inchi 24 ya DC (ile inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) wati 25 kwa masaa 8, ni 200. Sabufa ndogo wati 20 kwa masaa 8, ni 160. Taa tatu za LED za wati 5 kwa masaa manne, ni 60. Simu janja kumi, kila moja piga 20 maana kuna upotevu kwenye chaja, hiyo 200, na simu za vitochi kumi kila kimoja 6, hiyo 60. Jumla 800 kwa siku.

Hapo ongeza upotevu wa waya, betri, vumbi na joto, zidisha mara 1.4, unapata 1120. Sasa gawa kwa masaa ya jua la nguvu la eneo lako, na hapa ndio watu wa huku wanakosea maana wanachukua hesabu ya Dodoma wanaileta Tukuyu. Masaa ya jua la nguvu sio kuanzia linachomoza mpaka linazama, ni kama vile ukikusanya lile jua lote la siku ukalifanya kuwa la saa sita mchana, lingekaa masaa mangapi. Mimi kwa mtu wa Chunya, Usangu, Isimani au Pawaga nampigia masaa 5. Wa Rungwe, Makete, Mufindi kule kwenye chai na ukungu nampigia 3 na nusu, na simuonei huruma hata akiniambia kwao leo jua linawaka, maana hesabu tunaipiga kwa mwezi mbaya, sio mwezi wa tisa.

Kwahiyo kinyozi wa Ubaruku kule Usangu 1120 gawa kwa 5 ni wati 224, achukue 250 hivi. Kinyozi huyohuyo akiwa Tukuyu kule Rungwe, ambako mvua inanyesha kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi hii, 1120 gawa kwa 3.5 ni wati 320. Saluni ileile, mashine zilezile, tofauti karibu wati mia. Ndio maana ya swali "uko wapi" ambalo muuzaji hakuuliza.

Betri sasa. Angalia kinachotumika jua likiwa halipo tu, tuseme kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku na ushee: taa zote 60, TV 50, sabufa 40, mashine kama 40, jumla haifiki hata 200. Betri ya volti 12 ya ampea 100 ina wati-saa 1200 kwenye makaratasi, lakini betri za maji na za jeli usizinyonye zaidi ya nusu, kwahiyo unayo 600. Inatosha jioni, na ikitokea siku ya mawingu mazito bado unanyoa. Ila sasa ukipokea simu za watu saa 11 jioni ukazichaji usiku kucha ili wazichukue asubuhi, hapo umeongeza 260 juu ya ile 200 kila siku, betri inanyonywa karibu asilimia 40 kila usiku na mvua ya siku mbili inaimaliza. Waambie wateja wako walete simu asubuhi wakienda shamba wachukue jioni wakirudi. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 9 alasiri ndio chaji zote ziende. Ni kubadilisha mazoea tu na haigharimu hata mia.

Lithiamu unaweza kuinyonya mpaka asilimia 80 na inakaa miaka mingi zaidi, bei yake ndio inauma. Kama biashara inaingiza hela kila siku mimi nasema jikaze uchukue, kama unaanza kwa kujaribu chukua ya jeli ndogo kwanza. Betri ya gari, zile N70 za kuwashia injini, achana nazo hata ukipewa na shemeji kwa bei chee, zimetengenezwa kutoa umeme mkubwa kwa sekunde chache, sio kunyonywa taratibu usiku kucha.

Inveta, adui wa kimya

Inveta ni kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO. Watu wanapenda kubwa, anaona fahari imeandikwa 2000W. Inveta ikiwa imewashwa tu bila kuchomekewa chochote inakula yenyewe wati 10 mpaka 20. Ukiiacha masaa 24 ni 240 mpaka 480, yaani inakula kuliko saluni yako nzima inavyotumia jioni! Taa nunua za DC, TV ya DC zipo tele, simu chaji kwa USB moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia kile kigawio cha volti 5. Inveta ibaki ya mashine za kunyolea kama hujapata za kuchaji, na ukifunga unazima. Inveta ya wati 300 inatosha kinyozi kabisa. Mashine zenye mota na friji zinataka inveta inayotoa wimbi safi (pure sine wave), zile za bei rahisi mashine inanguruma, inapata joto na haina maisha.

Na dada zangu wa saluni za kike mnisamehe, draya ya nywele ni wati 1000 mpaka 2000, pasi hivyohivyo, hita ya maji hivyohivyo. Kitu chochote cha kutengeneza joto kiondoe kwenye orodha ya sola ndogo. Maji chemshia gesi au kuni. Mashine ya kusaga pia, ile mota ya farasi 10 au 15 ni kilowati 7 mpaka 11, huo sio mradi wa paneli mbili juu ya bati, ukitaka hiyo ni mtaji mwingine na hesabu nyingine.

Kununua bila kupigwa

Paneli feki ziko nyingi na ujanja wa kuzikamata ni futi kamba. Jua kali kabisa linaleta kama wati 1000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinakamata kama asilimia 20 ya hizo, basi mita moja ya mraba inakupa kama wati 200. Pima urefu mara upana. Ukikuta paneli imeandikwa 200W lakini ukubwa wake ni nusu mita ya mraba, hiyo ni ya mia, tena kama ni nzima. Hakuna maelezo ya muuzaji yatakayobadilisha hiyo, wala "hii ni teknolojia mpya ya Ujerumani".

Betri unaikamata kwa uzito. Betri ya jeli au ya maji ya ampea 100 inakaribia kilo 30, ya 200 ni kilo 55 na kuendelea. Ukiinyanyua ampea 100 kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji nusu, ndani hakuna madini ya risasi ya kutosha. (Lithiamu ni nyepesi kihalali, kilo 10 mpaka 12 hivi, usichanganye.) Alama ya TBS itafute, risiti ya EFD idai, na muda wa warantii uandikwe kwenye hiyo risiti maana ya mdomo hutaiona siku betri ikifa.

Kontrola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri kusimamia chaji, ndio inawaliza wengi. Paneli kubwa za wati 300 na zaidi zinatoa volti 30 na kitu, betri yako ni volti 12. Ukiweka kontrola ya PWM katikati, ile ya kawaida inayoshusha paneli ifuate volti za betri, paneli ya wati 330 itakupa kama 130 tu, nyingine zote zinapotea na hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuambia. Paneli kubwa na betri ya 12 lazima iwe MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Na kuna kontrola zimeandikwa MPPT kubwa kwa rangi ya dhahabu wakati ndani ni PWM. Mwambie fundi apime kwa mita ampea zinazoingia kutoka kwenye paneli na ampea zinazokwenda kwenye betri, saa sita mchana betri ikiwa haijajaa. MPPT ya kweli, zinazokwenda kwenye betri ni nyingi kuliko zinazotoka kwenye paneli. Zikilingana, umeuziwa jina.

Wa Makete na Kitulo mna la kwenu. Baridi inapandisha volti za paneli. Ukifunga paneli mbili za volti 45 kwa kuunganisha mfululizo ni 90, kontrola yako mwisho 100, unaona sawa, lakini asubuhi ya mwezi wa saba sakitu imelala majanini zile 90 zinaweza kugusa 97 jua likipiga ghafla. Acha nafasi, chukua kontrola ya 150 au funga sambamba. Na betri ya lithiamu isichajiwe baridi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, iweke ndani ya nyumba.

Kufunga

Huku tuko kusini mwa ikweta, paneli inaangalia kaskazini. Mbeya iko kama nyuzi 9 kusini, Iringa kama 8, kwahiyo mlalo unaohitajika ni mdogo, weka nyuzi 10 mpaka 15 ili mvua iteremke na vumbi. Usilaze kabisa, maji na uchafu vitasimama pale chini kwenye fremu. Acha nafasi kati ya bati na paneli, kama upana wa kiganja hivi, hewa ipite maana paneli ikipata joto inatoa kidogo.

Kivuli ni kesi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jani la mgomba likifunika kipande kidogo cha paneli linaweza kuangusha theluthi ya umeme au zaidi, sio kile kipande tu. Simama pale saa 3 asubuhi, saa 6, saa 9, angalia kivuli cha mparachichi wa jirani kinapita wapi, na mkaratusi ule unakua haraka, kisichofika leo mwakani kinafika.

Waya sasa, na hapa naomba usikimbie. Saluni iko mita 10 kutoka betri ilipo, fundi kavuta waya wa 2.5 (milimita za mraba) ule wa nyumba, vitu vinavuta ampea 10. Mita kwenye betri inasoma 12.5, ukienda kule mwisho nyuma ya TV inasoma 11. Volti moja na nusu imeishia njiani, TV inazima na kuwaka, na fundi anasema "mama betri yako imekufa hii". Betri ni nzima! Ukiweka waya wa 6 upotevu unashuka mpaka kama 0.6, wa 10 unabaki chini ya 0.4. Au sogeza betri karibu, ni bure. Umeme wa volti 12 unachoka njiani vibaya mno kuliko ule wa 230, fundi aliyezoea nyumba za TANESCO mara nyingi hilo hana kichwani, kwahiyo msimamie.

Mpangilio wa kuunganisha: betri kwenye kontrola kwanza, halafu paneli, mwisho matumizi. Kufungua kinyume chake. Ukianza na paneli unaweza kuiharibu kontrola. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri kwenye waya chanya, sio mita tano mbele. Na radi za huku mnazijua, fremu ya paneli ipate waya wa kwenda ardhini wenye fimbo iliyozama vizuri, na wingu likianza kuunguruma chomoa.

Jambo jingine la hatari la watu wa baridi. Mwezi wa sita na wa saba Njombe au Mufindi mtu anaingiza jiko la mkaa dukani apate joto na jiko liko pembeni ya betri. Betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka. Betri ikae sehemu yenye dirisha, mbali na jiko, mbali na kitanda, mbali na watoto. Hewa ya sumu ya jiko lenyewe kwenye chumba kilichofungwa ni kifo cha usingizini, hata bila betri.

Biashara gani inalipa wapi

Friji ya soda Makete usinunue, soda inajipoza yenyewe. Chunya, Rujewa, Ubaruku, hapo soda ya baridi mchana ni hela. Chukua friji ya DC ya lita mia hivi, inakula wati-saa 300 mpaka 500 kwa siku kutegemea joto na mnavyofungua fungua mlango. Ujanja ni kugandisha chupa za maji mchana jua likiwaka, usiku unaizima zile chupa zinashikilia baridi, betri inapumzika.

Stationari: printa ya leza inavuta wati mia kadhaa ikipasha joto, ile ya wino wa tenki inatumia 10 mpaka 20 tu. Na laptop wati 50, 60. Karibu na shule au ofisi ya kata unapiga hela ya maana na mfumo mdogo tu.

Vifaranga, hii nawaonya. Mashine ya kutotolesha inataka joto la 37.5 siku 21 usiku na mchana, na usiku wa Njombe hautanii. Hata ndogo inaweza kula wati-saa 1000 kwa siku na nusu yake au zaidi ni usiku, yaani betri kubwa. Kama lazima, izungushie godoro la povu ukiacha matundu ya hewa, na uwe na chanzo kingine cha joto cha akiba.

Kinachonifurahisha zaidi ni pampu. Wakulima wa nyanya Ilula na vitunguu Ruaha Mbuyuni wanachoma petroli kila siku wakati pampu ya DC haihitaji betri kabisa, jua likiwaka inasukuma, maji yanakaa kwenye simtanki juu, simtanki ndio betri yako na haifi. Paneli za wati 300 hivi na pampu nzuri zinaweza kupandisha lita elfu 10 kwa mwinuko wa mita 10 siku ya jua zuri. Ukichota mtoni hakikisha una kibali cha kutumia maji, kule kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, makao yao Iringa, maana kiangazi maji yakipungua wasio na kibali ndio wanaanza kufungiwa.

Kibanda cha kuonyesha mpira kinawezekana, TV ya inchi 32 wati 40 na king'amuzi 15, ila mechi nyingi ni usiku kwahiyo ongeza betri kabla hujabandika tangazo.

Kutunza

Paneli futa na kitambaa laini na maji asubuhi mapema, usimwagie maji ya baridi saa sita kioo kikiwa cha moto. Usangu wakati wa vumbi na kuchoma pumba fanya kila wiki. Betri ya maji angalia kimo kila mwezi, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, sio ya bomba wala asidi. Nunua mita ya bei ndogo, asubuhi kabla jua halijapanda na vitu vyote vimezimwa pima betri: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, ikifika 11.8 umeimaliza na umeanza kuiua. Ukiona siku tatu mfululizo unaamkia 12.1, ama paneli haitoshi ama kuna kijana anaangalia muvi usiku dukani.

Weka elfu moja kila siku kwenye kibubu cha betri, mwaka ni laki tatu na sitini na tano. Wa sola za mkopo mnaolipa kwa simu, piga jumla ya malipo yote mpaka mwisho kabla ya kusaini, ulinganishe na bei ya kununua taslimu, na uliza siku ukikwama kulipa inajizima saa hiyohiyo au unapewa muda.

Na nguzo zikifika, maana REA (wakala wa umeme vijijini) wanaendelea kushuka vitongojini, usikimbilie kuuza. Hamishia draya na pasi kwenye TANESCO, taa na simu na mashine za kunyolea zibaki kwenye sola, siku umeme ukikatika wewe ndio uko wazi kijiji kizima. Ila usiunganishe inveta na umeme wa TANESCO kwenye waya mmoja wa nyumba bila swichi ya kubadilishia, umeme wako unaweza kurudi kwenye nguzo na kumkuta fundi wa watu yuko juu anajua laini imezimwa.